Mstari Uliopungua

Daktari alishafungua kalamu. Akitia saini tu, Mwalimu angepelekwa kituo cha kulelea wazee wasiojielewa, na nyumbani kwake asingerudi tena. Tangu apigwe na kiharusi, wiki ya pili hii, hakuwa amejibu swali hata moja. Leo siku gani? Kimya. Huyu nani? Kimya.

"Muulize mizani, daktari," binti yake alisihi. "Baba kafundisha ushairi miaka thelathini. Asomewe shairi, ahesabu silabi za kila mstari, ataje na vina."

Kaka mtu akaguna. "We mtoto, usitupotezee muda bwana."

"Sawa," daktari akasema, "lakini liwe jipya. Asije akatutolea la kukariri."

Jipya! Binti alitoe wapi, yeye fundi cherehani, ingawa mizani alifundishwa na baba tangu utoto? Akatoka mbio hadi kwenye benchi la koridoni, akaandika ubeti mmoja wa mistari minne, kila mstari vipande viwili, mizani nane kila kipande, akiikandamiza kalamu mpaka inatoboa karatasi.

Akarudi, akasoma mstari wa kwanza polepole. Mwalimu akainua mkono wake usiopooza, kidole gumba kikaanza kugusa vidole vingine kimoja kimoja.

"Kumi na sita."

Jamani, sauti! Mstari wa pili, kumi na sita tena. Binti akasoma wa tatu: *Baba rudi nyumbani, mlango wakungojea.*

Kidole gumba kikaenda, kikasita, kikaanza upya.

"Kumi na tano."

"Haya, umeona?" kaka mtu akasema. Daktari akainamia fomu.

Binti akaikodolea macho karatasi yake. Kumi na tano! Basi ndiyo kwisha, baba hayupo tena. Mwoga kama alivyokuwa, akajilazimisha kuhesabu mwenyewe. Ba-ba-ru-di-nyu-mba-ni. Saba. Akarudia. Saba!

"Ngoja, daktari! Usiandike! Nimekosea mimi, yeye yuko sawa!"

Daktari akaichukua karatasi, akahesabu na yeye kwa vidole, midomo ikimchezacheza: saba. Akaifunika kalamu. Wakati huo Mwalimu alikuwa akimtazama binti yake, mdomo uliopinda unahangaika kutafuta maneno.

"Vina vipo. Cha kati *ni*, cha mwisho *a*." Akapumzika. "Wewe hukosei mizani, mwanangu. Unaogopa nini?"

Aliyeanza kulia ni kaka mtu.