Mwanamke wa Sanduku

Perpétue Mukashyaka alikuwa na diplome d'Etat, cheti cha kumaliza sekondari, na kama hukuwa na habari, ungekaa naye kidogo tu ungeipata. Alishona nguo mtaa wa Mabanga, mjini Goma, cherehani yake mbele ya mlango, na mteja aliyekwenda kupunguziwa gauni kiunoni alirudi nyumbani amesimuliwa kitabu kizima cha Kifaransa, apende asipende. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alipenda sifa tu, na sifa, jamani, ndizo zilizomponza.

Papa Barthélemy Havugimana, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyeleta lile shindano la kusoma parokiani. Baada ya Pasaka aliandika ubaoni mada kumi na mbili, kila mwezi na yake: kitabu kilichoandikwa na mwanamke, kitabu cha nchi ambayo hutafika, kitabu unachokiogopa, na kuendelea. Atakayemaliza mwaka bila kuruka mwezi angevishwa kitenge mbele ya parokia nzima. Ila kusoma kimyakimya hakukuhesabiwa. Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya misa, ilikupasa usimame na kitabu mkononi, uwasimulie kwa Kiswahili bamama wasiojua kusoma.

"Bamama nao banataka kusikia," alisema Papa Barthélemy. "Bile vitabu si vya wenye diplome peke yao."

Na bamama walikuja, weee! Wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa soko la Kituku, wauza mkaa kutoka Munigi, wote walijipanga kwenye mabenchi na mabeseni yao miguuni. Kwao kilichotoka kitabuni kilikuwa kweli tupu. Kimechapwa, nani angepoteza wino kuchapa uongo? Waliuliza habari za watu wa vitabuni kama wanavyoulizia jirani aliyelazwa: na ule muzee, alipona? Na ule kijana, bado anapiga bibi yake? Ukijibu hujui, walikutazama vibaya.

Kati yao aliketi Mama Béata, jirani wa Perpétue, mwanamke wa milima ya Masisi, mpole, wa maneno machache. Aliuza sambaza. Kila Jumapili, wauza maziwa waliposhuka na pikipiki kutoka Masisi, alinunua kikombe kimoja, akakiweka dirishani, akakitazama. Hakukinywa. Kesho yake maziwa yakiwa yameganda aliwaita watoto wa jirani wayamalize. Watu wa mtaa walishazoea, wakasema mama ana mambo yake.

Perpétue peke yake ndiye aliyejua sababu. Aliambiwa siku zile za mabomu, wawili wamelala sakafuni chini ya meza ya kukatia vitambaa, wanaongea ili wasisikie milio. Mama Béata alimwambia jinsi walivyokimbia Masisi, yeye na mama yake aliyekuwa na mguu mbovu. Njiani alikumbuka kibuyu cha kusukia maziwa, kile alichopewa siku ya ndoa. Akamkalisha mama yake juu ya jiwe. Mama akamwambia, nenda, usichelewe. Alipofika nyumbani alikuta kibuyu kina maziwa. Njaa ilikuwa inamuuma. Akakaa chini, akanywa. Akanywa taratibu, mpaka akashiba. Aliporudi, jiwe lilikuwepo, mama hakuwepo, na hajamwona tena mpaka leo.

"Usimwambie mutu," alisema Mama Béata, uso ukutani.

"Nimwambie nani, Mama?" alijibu Perpétue, na wakati ule alisema kweli.

Sasa sikia alivyofanya. Mwezi wa mada ya kumi ubao ulisema: kitabu cha mtu anayejutia jambo. Waliobaki bila kuruka walikuwa wawili, Perpétue na Alliance, muuguzi kijana mwenye ulimi mwepesi. Mwezi ule Perpétue alikuwa na magauni ya kipaimara mpaka kwenye kitanda. Hakutafuta kitabu, hakusoma hata ukurasa. Jumapili ikafika. Angeweza kusema, ndugu zangu, mwezi huu nilishindwa. Maneno mepesi hayo! Lakini alimwona Alliance mstari wa mbele, amevaa tabasamu la mtu anayengoja mwenzake aanguke, na kichwa kikubwa kikamkataza. Alichukua kitabu cha kwanza kilichomwangukia mkononi, mwongozo wa kufuga kuku aliouacha marehemu mume wake, akauvika karatasi ya kaki kama wanafunzi wanavyovika madaftari. Akavivika vitabu vyake vingine vyote vya shindano pia, kile kimoja kisionekane.

Akasimama. Akafungua mdomo bila kujua utatoka nini, na kilichotoka ni Mama Béata.

Alibadilisha, usidhani hakubadilisha. Masisi ikawa nchi ya theluji. Jiwe likawa benchi la stesheni ya treni. Kibuyu kikawa sanduku la ngozi. Mwanamke akapewa jina la kizungu, Marguerite. Lakini alipofika kwenye maziwa hakuweza kuyaacha, kwa maana mabenchi yalikuwa yamenyamaza, hata Alliance amesahau kutabasamu. Marguerite akakaa mezani akanywa taratibu mpaka akashiba. Na tangu hapo, akasema Perpétue, akishusha sauti, kila Jumapili hununua maziwa asiyoyanywa.

Bamama walilia, wakafuta macho kwa ncha za vitenge. Ndipo Perpétue alipomkumbuka mwenye habari. Akatupa jicho benchi la nyuma. Mama Béata alikuwa amekaa wima, mdomo wazi, machozi yakimtiririka, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kwa jina mahali asipojulikana.

Perpétue aliona haya, ndiyo. Haya ilimchoma usiku ule na siku ya pili yake, ilimchoma kila alipoona kikombe dirishani. Lakini alijiambia Mama Béata hakutambua, mbona ananisalimia vilevile? Nimetaja theluji, nimetaja treni. Akashona. Mada ya kumi na moja akasoma kweli, ya kumi na mbili pia, akasoma kwa bidii ya mtu anayelipia kitu. Haya haikuondoka. Kuna Jumapili moja aliona kikombe cha Mama Béata dirishani hakijajaa, kimepungua kidogo, akadhani ni paka.

Siku ya kufunga shindano, ukumbi wa parokia ulijaa mpaka mlangoni. Vitabu vya Perpétue na vya Alliance vilipangwa juu ya meza, vya Perpétue vyote na kaki yake. Vitenge viwili vilikuwa vimekunjwa pembeni. Papa Barthélemy akakohoa, akasema kabla ya zawadi bamama nao wachague, kitabu gani kiliwagusa zaidi, naye atawasomea ukurasa mmoja.

Mama Béata akasimama. Watu waligeuka, hakuna aliyewahi kusikia sauti yake pale ndani.

"Ile ya mwanamuke wa sanduku," alisema. "Papa, naomba utusomee pale kwenye maziwa. Kisha utusomee mwisho. Mama Perpétue hakutuambia mwisho. Nataka kujua alizeeka namna gani."

"Ndiyo! Ya sanduku!" bamama wakaitikia, mabenchi yakalia.

Perpétue alitamani ardhi ipasuke immeze, na Goma, chini ya volkano, ardhi inajua kupasuka, lakini siku ile ilikataa. Papa Barthélemy alishafungua kimoja, akakiweka. Akafungua cha pili, akakiweka. Akafungua cha tatu. Akapandisha miwani. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Kisha akamtazama Perpétue juu ya miwani, na mzee wa watu, hakumtazama vibaya. Alikifunga polepole.

"Leo macho yangu si mazuri," alisema. "Labda siku ingine."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea. Perpétue aliuona ule mlango, wazi kabisa. Angekaa kimya tu, mambo yangepita. Lakini Mama Béata alikuwa bado amesimama.

"Basi Mama Perpétue asome yeye," alisema. "Yeye ana macho. Nimengoja sana, Papa."

Kule kungoja ndiko kulikomshinda Perpétue. Akainuka.

"Kile ni kitabu cha kuku," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Mtu mmoja akacheka.

"Ni cha kufuga kuku. Mwezi ule sikusoma kitu. Niliona haya kusema. Hakuna kitabu cha mwanamuke wa sanduku. Niliitunga."

Halafu, usiniulize kwa nini watu wako hivi, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Alliance alipiga makofi juu ya kichwa chake. "Kumbe tuko na mwandishi hapa Mabanga! Ametutoa machozi kwa kuku!" Bamama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Papa Barthélemy mwenyewe alitikisa kichwa akitabasamu, akasema mtu anayeungama mbele ya watu wote na anayeweza kutoa jambo lile kichwani mwake anastahili kitenge. Wakakifungua, wakamvika mabegani, wakapiga vigelegele.

Perpétue angependelea wamtemee mate. Alisimama pale amefunikwa kitenge kizuri, anasifiwa kwa akili yake. Hakuweza kusema haikuwa akili yangu, maana kusema hivyo kungekuwa kumvua Mama Béata nguo mara ya pili, safari hii kwa jina lake.

Nyuma kabisa, Mama Béata hakucheka. Aliuliza, na katika makelele yale Perpétue peke yake ndiye aliyesikia, kwa sababu hakuwa akisikiliza mwingine:

"Kwa hiyo ule mwanamuke hayuko?"

"Hayuko, Mama."

Mama Béata akabaki amesimama kidogo. Perpétue aliona jambo likipita usoni mwake, polepole: sanduku, benchi, usichelewe, maziwa. Kisha akainama, akachukua beseni lake, akatoka.

Perpétue alimkimbilia, kitenge kikiburuta, akamkuta kwenye geti.

"Mama Béata, ngoja. Tafadhali."

Alisimama. Alikuwa mtu wa kusimama akiitwa.

"Ulisema theluji," alisema bila kugeuka. "Mi sikujua ni kibuyu yangu."

"Nisamehe, Mama. Nisamehe. Uliniambia nisimwambie mutu, na mimi..."

"Sikukasirika, mutoto wangu. Iko jambo ingine." Akaliweka beseni chini. Alitafuta maneno, na Perpétue, aliyekuwa na maneno kila siku, hakuwa na hata moja la kumwazima. "Nilikuwa namuombea. Kila asubuhi, kabla ya kushuka Kituku. Nilisema, kumbe tuko wawili. Kule mbali kwa bazungu iko mwenzangu. Kwanza nilimuombea tu. Halafu nikaanza kumutetea. Nikamwambia Mungu, ule mwanamuke alikuwa na njaa, alikuwa anakimbia, ni nani hangekunywa? Na mama yake alimupenda, mama hawezi kumufungia mulango sababu ya maziwa. Nikamusamehe, Perpétue. Nikamusamehe kabisa. Kuna Jumapili moja nilikunywa kidogo, nikasema nakunywa pamoja naye."

Perpétue akamshika mkono. Machozi yalimjaa, na katikati ya machozi akaona kama tumaini, akalirukia kwa haraka, kama mtu wa diplome anayedhani kila swali lina jibu.

"Lakini Mama, ule ni wewe! Umeona? Kama umemusamehe ule, ni wewe umejisamehe!"

Mama Béata alimtazama kwa upole, akautoa mkono wake.

"Hapana," alisema. "Ule hakuwa mimi. Mimi najijua."

Akaweka beseni kichwani, akavuka barabara.

Jumapili iliyofuata pikipiki za maziwa zilishuka kutoka Masisi kama kawaida. Perpétue hakwenda kwenye misa ya pili. Alikaa kwenye cherehani bila kushona, kitenge kimekunjwa mapajani, macho kwenye dirisha la jirani yake. Kikombe kiliwekwa pale asubuhi. Wateja wawili walikuja, mmoja akauliza kitenge kile kizuri amekipata wapi. Jioni kikombe kilikuwa bado kimejaa.