Ngozi Inayong'aa

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mguu wake wa kulia ndio unaokanyaga pedali na kulisha nyumba nzima. Juu kidogo ya kifundo chake kuna kidonda kilichokataa kupona. Kimekula dawa tatu. Kila tukibadilishiwa kinatulia, tunafurahi, kisha kinaanza upya kwa kiburi.

Asubuhi hiyo harufu ilinipokea mlangoni. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Dada, njoo uone. Ngozi inarudi."

Kweli, kidonda kilikuwa na kitu chembamba kinachong'aa, kama bitana. Alikuwa akikiosha pembenipembeni tu kwa ncha ya kitambaa, kisichanike. Muuguzi wa zahanati alipotaka kukikwangua alimkatalia, eti anamharibia.

"Ngozi gani inanuka?" nikamwambia. "Vaa tuondoke."

Mimi nikiogopa hugomba, ndivyo nilivyoumbwa.

Kule zahanati, daktari alishika ile ngozi kwa kibano. Ikanyooka kama kamasi.

"Hii si ngozi, mama. Ni vijidudu. Vimejijengea ute, vikajificha chini yake. Dawa inapita juu, vyenyewe viko chini vinaizoea."

"Na wewe ulikuwa unavibembeleza," nikadakia. Nikatamani ningekuwa nimenyamaza.

Majibu ya maabara ya kipimo cha wiki iliyopita yalikuwa mabaya: imebaki dawa moja tu ya sindano, nayo haifanyi kitu mpaka utando utoke wote. Wekundu ulikuwa umeshaanza kupanda kwenye muundi kuelekea goti. Ukizidi kupanda, daktari akasema, itabidi wakate.

"Wakate nini?" mdogo wangu akauliza. Neno hilo yeye amelizoea kwenye vitambaa.

Daktari akautazama mguu wake.

Muuguzi, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alipaka dawa ya ganzi, akatueleza bila kuficha. "Ganzi itashika juu tu. Nikifika penye uhai utaumia, ndipo nitajua pa kuishia. Palipokufa hapasikii kitu."

"Kwangua," mdogo wangu akasema. "Nikilia usiache. Na wewe dada, usimwambie aache."

Mimi? Nilidhani ananitania. Mimi ndiye mwenye moyo mgumu kwetu, kila mtu anajua.

Mkwanguo wa kwanza mdogo wangu alipiga ukelele uliotoka tumboni. Wa pili damu ikachuruzika, na mdomo wangu ukanitangulia kumwambia muuguzi: "Basi, kaka yangu, basi. Muache apumzike."

Muuguzi akainua mkono. Mdogo wangu, jasho likimtiririka, akanitazama.

"Toka nje, dada."

Tangu tuzaliwe hajawahi kunifukuza popote. Nikatoka.

Kwenye benchi la korido nilimsikia analia, nikaziba masikio kwa mtandio. Nilipouondoa, kilio kilikuwa kimekoma. Nikashukuru. Kisha nikasikia kisu kikigonga bakuli la bati, na sauti ya muuguzi.

"Nimepanda juu ya kidonda sasa. Unasikia hapa?"

"Hapana."

Bakuli likalia tena.

"Na hapa?"

"Hapana."

"Hapa je, karibu na goti?"

Hakujibu upesi. Nilisimama, nikabandika paji la uso kwenye mlango.

"Lia, mdogo wangu," nikanong'ona. "Nakuomba, lia."