Kiuno cha Kumbebea Kibonge

Nilikuwa nimeinama kumuokota mjukuu wangu sakafuni. Tunamwita Kibonge, ana mwaka na ushee na uzito wa mzigo wa watu wazima. Kiuno kikakataa. Juu siendi, chini siendi. Kibonge akadhani ni mchezo, akapiga makofi.

Mama yake, mkwe wangu, alikuwa amesahau funguo. Akarudi kuzichukua, akanikuta nimekunjika vile.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sindano."

"Sindano ya nini? Cherehani si uliigawa mwaka juzi?"

"Ndiyo maana naitafuta. Imebaki mpweke."

Akanishika mabega, akanikalisha kitini polepole. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Kiuno kilikuwa kikiniuma muda mrefu, nami nakificha kama binti anayeficha mchumba. Mtaa wa nyuma kuna mama anayelea watoto wa watu waendao kazini, na mwanangu alishasema, "Mama akichoka, tutampeleka Kibonge kule." Bila Kibonge, kutwa nzima ningeongea na sufuria.

Mkwe akaomba ruhusa kazini, akambeba mtoto, tukaenda hospitali. Njiani nikamwambia kosa ni la godoro. Mwanangu kwenye simu akasema ni uzee. Jirani yetu yeye alishaniua kwa figo, bado kunichagulia sanda tu.

Daktari wa viungo alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya moto. Akanibonyeza mgongo, akaninyanyua mguu mmoja mmoja. Akauliza kama nina homa, kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unanitoka bila taarifa.

"Mkojo wangu una adabu, mjukuu wangu," nikamjibu. "Unabisha hodi. Mwanangu ndiye habishi hodi."

Akacheka. "Basi sioni dalili ya figo, bibi. Na uzee tusiusingizie kila kitu. Hebu igiza unavyomwinua mtoto, lakini usimguse."

Nikaigiza kwa madaha yote. Miguu imenyooka, kiuno kimekatika katikati, mikono iko mbali, kisha nikajipinda kumtupia nyongani kushoto, mahali pake pa kila siku.

"Ugonjwa nimeuona," akasema.

Akaeleza kwamba misuli ya kiuno huchoshwa na kuinama bila kukunja magoti, na kujipinda huku umeshika mzigo, na kuelemea upande mmoja siku zote. Wengine, akasema, huumia kwa kukaa kitini kutwa bila kuinuka. Uzee huja kuongeza chumvi tu. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa pale pale, unatafuna kola ya mama yake.

"Kwa hiyo asimbebe tena?" mkwe akauliza.

Nikatazama dirishani.

"Kwa sasa asimwinue kutoka chini. Lakini asilale kutwa, atembeetembee. Maumivu yakipungua, akunje magoti na amkumbatie karibu na tumbo."

Mkwe akamfunga Kibonge mgongoni, tukaondoka. Tulipofika mtaa wa nyuma, akasimama mlangoni kwa yule mama mlezi, akaingia na Kibonge. Mimi nikabaki nje nimeshika ukuta, najifunza uso wa kuagia.

Wakatoka. Kibonge yuko vilevile mgongoni, na mkwe amekumbatia kigoda kipana cha mbao.

"Ameniazima," akasema. "Watoto wake wanapanda vitandani wenyewe kwa vigoda hivi. Anasema angekuwa anawainua wote, mgongo ungeshamwacha zamani."

Nyumbani akakiweka mbele ya kochi, akaniketisha. Kibonge kwanza akakikalia kama chifu. Nikampungia miwani yangu. Akaweka goti, akaweka tumbo, akahema kama mpakua mizigo, akapanda hadi mapajani mwangu, akaichukua miwani. Kiuno changu hakikujua lolote.

"Nilidhani unakwenda kumwandikisha kule," nikasema.

"Kule nani atamfundisha kuikunjia uso chai yangu?"

Maana hilo nalo amelishika, akiiona tu anakunja pua kama bibi yake. Nilitaka kumshukuru mkwe wangu vizuri, kwa maneno ya watu wazima, lakini alishakwenda jikoni. Akaniletea kikombe. Ilikuwa chai ile ile ya siku zote, nyepesi, unaona hadi chini. Nikainywa yote.

"Leo imekolea, mwanangu," nikamwambia. "Ahsante."

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kuangalia kama nina homa.