Ngurumo Aachwa na Mkewe

Kwa miaka thelathini na mitano Ngurumo aliimba roki kana kwamba nyumba inaungua na yeye ndiye wa kuwaamsha majirani. Alipofikisha sitini na mbili, daktari alimmulika kooni, akaguna. "Mzee wangu, ukipiga kelele mwaka mmoja zaidi, utamalizia maisha kwa ishara."

Prodyuza wake akamshauri ahamie soul, muziki wa kubembeleza, maana sauti iliyokwaruzika ndiyo mtaji wenyewe. Tatizo likawa studio. Wimbo ulikuwa wa mtu aliyeachwa, naye Ngurumo akaimba "rudi, mpenzi" kama anayeita mbwa.

"Baba, huna uchungu," prodyuza akalalamika. "Mkeo hajawahi kukuacha?"

"Kila asubuhi ananiletea chai kitandani."

"Basi tumekwisha."

Hata hivyo prodyuza hakukata tamaa. Akatangaza redioni kwamba mke wa Ngurumo kamkimbia. Ngurumo akanyamaza, wimbo ukatolewa vilevile, ukashika namba moja. Waliomwita kichaa enzi za roki sasa walimwona mtu wa hekima. Mhubiri mmoja alimtaja kuwa mfano wa ustahimilivu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mteja mmoja alimkuta anapinda gauni, akalinyakua pamoja na pini zake. "Mwanamke asiye na huruma hanishonei mimi!" Kufikia Ijumaa, tisa walikuwa wamechukua vitambaa vyao.

"Mimi niliyekusuka nywele miaka yote hiyo, leo ndimi katili wa mji?" alimwambia mumewe. "Kesho utasema kweli jukwaani. Usiposema, huo uongo wako nitautimiza."

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Mkewe alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani. Ngurumo akakohoa.

"Jamani, mke wangu hajaniacha. Yule pale. Hata shati hili kalipiga pasi yeye."

Mama mmoja akaangua kilio. "Maskini! Uchungu umempanda kichwani, sasa anamwona kwenye viti!"

"Lakini ni mimi!" mkewe akasimama.

"Kaa chini, dada. Sote tungependa kuwa mkewe," yule mama akamwambia.

Mkewe akauchukua mkoba, akatoka bila kugeuka. Ngurumo aliona mlango ukifungwa, moyo ukamlipuka. "Rudi, mpenzi!" Bendi ikadhani wimbo umeanza, ikaingia. Yeye alikwisha kuruka kutoka jukwaani, akamkuta nje ya ukumbi, kwenye ngazi.

"Mama Watoto, nisamehe!"

"Niachie mkono. Wateja wangu tisa atanirudishia nani?"

"Mimi. Nitapita mlango kwa mlango."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Nami nitawaambia nilinyamaza kwa tamaa yangu."

Ndani, watu elfu mbili walisimama, wakilia na kupiga makofi. Prodyuza alipiga magoti kwa furaha.

Mkewe akatega sikio, kisha akamtazama mumewe mkononi.

"Kwanza," alisema, "kizime hicho kipaza sauti."