Ndara Chumbani mwa Ok-bun

Siku aliyopigwa eksirei, Mzee Pan-seok alikuwa ameshauaga mguu wake wa kulia. Mkewe, Ok-bun, alianza vivi hivi: sukari, kisha ganzi, kisha kidonda cha unyayoni kisichouma. Hospitali ya wilaya ikampaka dawa ya manjano msimu mzima wa kuvuna vitunguu, maana mashine ya picha ilikuwa mbovu na wakubwa walikuwa bado wanakaa vikao. Walipochoka kukaa, mfupa ulikuwa umeoza. Wakakata kidole, wakakata mguu, mwisho wakamkabidhi Pan-seok maiti.

Sasa wakubwa hao hao wamejenga jengo la vioo lenye mashine mpya na kujipiga picha mlangoni.

"Kata tu, daktari," Pan-seok alisema. "Usinizungushe. Si ndiyo kazi yenu?"

Daktari Seo, binti mwenye macho mekundu ya kukesha, alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Babu, hebu tazama mwenyewe. Hiki nini?"

Kwenye kivuli cha nyama, chini ya mifupa ya vidole, kulikuwa na kijistari cheupe kilichonyooka.

"Mwiba wa samaki?"

Gop-dan, jirani aliyemleta kwa gari lake la vitunguu, akaangua kicheko. "Samaki gani ana tundu la uzi? Sindano hiyo, we mzee!"

Pan-seok akanywea. Majira yalipobadilika alikuwa amefumua kava la mfarishi, akalifua, akalitandaza kwenye sakafu ya chumba, inayopashwa moto kwa chini, na kulishona upya kwa mkono, kama alivyofanya Ok-bun miaka yote. Makava ya zipu aliyotumiwa na bintiye kutoka Seoul aliyasukumia kabatini. Sindano ikapotea. Ok-bun asingelala bila kuiona. Pan-seok aliukung'uta mfarishi mara moja, akalala. Asubuhi akaikanyaga peku, na mguu wake, wenye ganzi ya sukari kama wa mkewe, haukumwambia kitu.

"Na mfupa?" aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Hapa unaonekana mzima. Ila eksirei huchelewa kuuona mfupa ulioanza kuliwa. Kwanza niitoe sindano, maana mashine ya sumaku haitaki chuma mwilini. Halafu tupige picha ya pili. Hiyo inaingia hadi ndani ya mfupa."

"Baada ya kikao cha wakubwa?"

"Leo hii, babu."

Sindano ikatolewa. Alasiri Pan-seok akaingizwa kwenye mashine iliyogonga na kunguruma kama ya kupuria mpunga. Akafumba macho. Ok-bun hakuwahi kuingizwa ndani ya mashine kama hii. Hakuna aliyempa nafasi hiyo.

Daktari Seo alirudi akitembea haraka. "Usaha umejikusanya hapa, kwenye nyama. Tutaukamua, utatundikiwa dripu. Mfupa haujaguswa. Hatukati kitu, babu."

Gop-dan alipiga makofi. Pan-seok aliikodolea macho ile picha mpaka ikaanza kucheza.

"Picha hii mke wangu mlimnyima," alisema.

Alijiandaa kusikia utetezi. Lakini binti aliinamisha kichwa tu. "Ndiyo, babu. Alistahili kuipata."

Pan-seok akaunyoosha mguu ukamuliwe.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwekea masharti: nyayo zikaguliwe kwa kioo kila asubuhi, asilale penye sakafu yenye moto mkali, na avae ndara hata ndani ya nyumba.

"Ndara ndani? Mpaka chumbani? Binti, kwenu hamkufunzwa adabu?"

"Ok-bun atatoka kaburini akufukuze na ufagio!" Gop-dan alidakia.

"Aje," alisema Pan-seok. "Nitafurahi."

Nyumbani, Gop-dan alimpangia ndara mpya, laini, kwenye kizingiti cha chumba. Tangu Pan-seok na Ok-bun waoane, hakuna soli iliyowahi kuvuka hapo. Mzee akazivaa, akasimama, akaitazama ile sakafu aliyozoea kuisugua mkewe.

"Mama," alisema taratibu, "usinitazame hivyo. Wewe ungebakiziwa mguu kama huu, ungeutunza."

Akautanguliza wa kulia, wenye bandeji, akaingia.

"Gop-dan! Unasimama huko nje kama mgeni? Vua viatu vyako uje unitolee makava ya zipu kabatini."

"Mimi nivue, wewe umevaa?"

"Mimi nina amri ya daktari," alisema Mzee Pan-seok, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka.