Trela Iliyogoma Kutoka Uani

Trela ya boti ilikuwa imegoma kutoka uani, na mwenyewe, dereva mstaafu ambaye wenzake kazini walimbandika jina la Taratibu, hakuwa na haraka nayo hata kidogo. Mwenye haraka alikuwa mkewe. Tangu daktari amruhusu kurudi kwenye shughuli zake, mama huyo alikuwa na wimbo mmoja tu: majini. Kabla hajaugua walikuwa wakishinda huko kila Jumapili, yeye kwenye usukani wa boti, mumewe kando ya ndoo ya samaki akilalamikia jua. Leo kikapu cha chakula kilishafungwa na kofia ilishakaa kichwani.

Magurudumu yote mawili yalikuwa yamekufa ganzi. Siku mkewe alipoanguka, Taratibu alikuwa ndiyo kwanza ameitoa boti kwenye maji ya chumvi. Aliiacha trela uani bila hata kuisuuza, akavuta handbreki hadi mwisho kama alivyozoea kuvuta ya kila chombo chenye tairi, akamkimbiza hospitali. Kutu ikapata makao. Brekishuu, vile vipande viwili vinavyobana dramu ya gurudumu kwa ndani, ziligandana nayo zikawa kitu kimoja.

Sasa alikuwa amelala chali chini ya trela, gurudumu la kwanza likiwa juu ya jeki na tairi limevuliwa. Handbreki alishaishusha, lakini brekishuu hazikuwa na habari. Alipulizia mafuta ya kulegeza kutu, akaigonga dramu kwa nyundo. Akasikiliza. Akagonga tena.

"Unagonga au unabisha hodi?" mkewe aliuliza kutoka kivulini.

"Vitu hivi havitaki nguvu, mama."

"Havitaki nguvu, havitaki haraka. Hujawahi kukutana na kitu kinachotaka haraka wewe."

Taratibu alicheka peke yake kule chini. Alikuwa amevikumbuka vijembe hivyo miezi yote mkewe alipokuwa akinong'ona kitandani. Hata hivyo mkono wake haukuongeza nguvu. Nyuma ya dramu kuna tundu, na ndani yake kigurudumu cha meno: ukikizungusha huku brekishuu zinaachia, ukikizungusha kule zinazidi kubana. Hiyo aliijua tangu hajaota ndevu. Aliingiza bisibisi, akakizungusha kule.

"Imekataa," alisema akijitoa chini, huku akijipangusa. "Labda wiki ijayo."

Mkewe aliinuka, akaja akachuchumaa penye gurudumu.

"Umebana, baba."

"Nani kasema?"

"Miaka yote hii umenishikisha tochi. Ulidhani nilikuwa naangalia tochi?"

Taratibu aliitazama bisibisi mkononi mwake. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu kikaja kile alichokuwa akikikwepa tangu asubuhi.

"Naogopa," alisema. "Kule katikati ya maji hakuna daktari. Ukizidiwa mbele yangu nitafanya nini mimi?"

Mkewe hakumcheka.

"Mimi pia naogopa. Naogopa kitandani, naogopa jikoni. Bora niogope nikiwa nimeshika usukani."

Taratibu alirudi chini, akakirudisha kigurudumu upande wake hadi kikawa chepesi, kisha akainuka na kuipiga dramu kiume, kuizunguka yote. Ililia, ikaachia, kutu nyekundu ikamwagika chini. Walisugua ndani kwa brashi na msasa, wakairudisha, ikazunguka kwa kidole.

Ya pili ilikuwa mbishi zaidi. Alilegeza kigurudumu, akapiga mpaka jasho likamwingia machoni, wapi. Basi akafanya jambo ambalo asubuhi asingelifanya kwa dawa: alimpa mkewe nyundo.

"Hebu jaribu wewe."

Mkewe alipiga, akapumzika, mkono kifuani. Taratibu alifungua mdomo amwambie pole pole, akaufunga. Mkewe akainua tena nyundo, akapiga kwa hasira ya miezi yote ile, na dramu ikachomoka ikaanguka miguuni pao. Alikaa juu ya tairi akihema, uso umejaa kutu, anacheka hana mbavu, na mumewe akaona hajapata kupendeza namna ile.

Waliposafisha na kufunga nati ya mwisho, mkewe alisema, "Kalete gari."

Taratibu alikwenda mbio.