Mgeni Aliyekimbia Yowe

Kila mgeni aliyefikia kwa Teodora pale Mabatini, Mwanza, alikuwa na swali lile lile, tena alilitoa kabla hajatua mzigo: "Mama, usiku huku kukoje?" Naye Teodora alikuwa na jibu lile lile, alilitoa huku akifungua mlango wa chumba: "Salama salimini. Hapa hata kuku analala nje." Kuku wenyewe hakuwa nao, lakini mgeni atajuaje.

Gesti aliianza baada ya kupunguzwa kazi kiwandani. Zilikuwa enzi za ruksa, serikali imeachia biashara huria. Kila aliyepunguzwa alifungua kitu, huyu genge, yule saluni, mwingine meza ya mitumba, na wote wakajiita wafanyabiashara. Teodora alipanga nyumba ya vyumba vitano, kimoja akalala mwenyewe, vinne akavitandika mashuka mapya. Ukuta wa mbele aliupaka rangi ya kijani iliyowaumiza macho majirani, kisha akangoja. Alingoja sana. Wageni walikuja mmojammoja, wakalala usiku mmoja, wakaenda zao kutafuta gesti za katikati ya mji penye taa za barabarani. Sasa mwenye nyumba alikuwa amepata mtu wa kufungua baa, naye hakumficha Teodora: mwezi ukiisha vyumba vikiwa vitupu, aondoke. Hakuwa na pa kwenda isipokuwa Kisesa, kwa binti yake Rebeka aliyeolewa huko. Mama mkwe akae nyumba moja na mkwe wake, wapishane ukumbini alfajiri, mmoja kashika ndoo ya kuogea? Teodora alikuwa radhi akalale sokoni Mkuyuni juu ya magunia.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi mzee Kashindye, kamanda wa sungusungu, yaani kiongozi wa wale wakazi waliolinda mtaa usiku kwa zamu, wakiwa na fimbo na filimbi. Mzee huyu alikuwa na ombi moja, na kila alipopita alilirudia: mgeni akija, apelekwe kwake jioni wamwone sura.

"Mzee Kashindye, mtu kalipia chumba chake, mimi nimtembeze mtaani kama bibi harusi?" Teodora alimjibu.

"Mbona zamani kila mgeni alionyeshwa kwa balozi wa nyumba kumi, mama Rebeka?"

"Zamani hiyo ilishapita. Sasa hivi ni biashara."

Kashindye hakuwa mtu wa kubishana na jirani. Alishusha kofia yake akaenda zake, na Teodora akajiona mjanja, maskini.

Ndipo meli ya Bukoba ilipomleta Venant. Alikuwa mtu mnene, mpole, kavaa koti la suti na raba miguuni. Alikuja kwa niaba ya wafanyabiashara wanane wa mitumba, yeye akiwa mmoja wao, ambao kila baada ya wiki mbili walisafiri hadi Mwanza kufunga mzigo. Walitaka nyumba moja ya kulalia wote, safari zote. Teodora alipolisikia hilo, alipiga hesabu papo hapo. Watu wanane, vyumba vinne, wawiliwawili! Alimshika Venant mkoba wake kwa nguvu, utadhani atatoroka.

"Mama, siulizi kwa mazoea," Venant alisema mlangoni. "Nataka kujua kweli. Usiku huku kukoje?"

Jibu la kuku lilimtoka Teodora lenyewe. Venant hakucheka. Alibaki amesimama pale pale akimtazama, na Teodora akaona halijatosha, akaongeza neno la kumtuliza moyo.

"Na ukisikia kelele zozote huko nje, baba, usijitie. Hazikuhusu. Wewe kimbia urudi hapa nyumbani, ujifungie."

Ushauri huo ungetolewa mji mwingine wowote, usingekuwa na kasoro. Lakini Usukumani, yowe likipigwa, kila mwenye miguu anatoka na kuelekea linakotoka. Asiyetoka, kesho yake ataulizwa alikuwa wapi. Anayelikimbia, huyo haulizwi kitu, ni mwizi. Mtoto anayechunga ndama analijua hilo, na Teodora alizaliwa nalo na kukua nalo. Ila siku hiyo alikuwa akizungumza kama mwenye gesti, na huyo mwenye gesti alishasahau kwamba yeye ni Msukuma.

Jioni Venant alitoka kwenda kula sato wa kukaanga. Giza liliingia, Teodora akiwa ukumbini anapiga pasi mashuka, akihesabu moyoni magodoro atakayohitaji. Mara yowe likapigwa upande wa mto Mirongo, sauti ya mwanamke, kali na ndefu. Teodora aliisukuma pasi pembeni, akachomoa fimbo nyuma ya mlango, akatoka mbio. Hakuwaza. Milango yote ya mtaa ilikuwa inafunguka, na watu walimiminika njiani wakifunga vizuri khanga na misuli huku wanakimbia. Walikuwa hawajafika mbali, iliposikika mbele yao sauti ya mwanamume: "Anakimbia huyo! Mzungukeni, anakimbia!"

Hapo ndipo Teodora alipokumbuka alichomwambia mgeni wake.

Wazo la kwanza, aibu yake, lilikuwa la vyumba vinne vitakavyobaki vitupu. La pili lilikuwa la Venant mwenyewe, na lile koti lake, na namna alivyouliza kama mtoto anayeogopa kuzimiwa taa. Hilo la pili lilimuuma zaidi. Alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia tangu alipokuwa msichana.

Walikuwa wamemkalisha chini kando ya mto. Raba moja haipo, koti limepasuka bega, tochi zinammulika usoni. Mzee Kashindye alisimama mbele yake, mkono mmoja ameunyoosha nyuma kuwazuia wenzake.

"Umefikia kwa nani?" Kashindye alimuuliza.

"Kwa mama Teodora, gesti ya kijani."

"Gesti ile inaonekana na kila mtu," alisema kijana mmoja mwenye rungu. "Hata mwizi ana macho."

"Mama Rebeka hajanionyesha mgeni," Kashindye alisema polepole. Hakulisema kwa ubaya. Ulikuwa ukweli, na usiku ule hakuna kitu ambacho kingeweza kumdhuru Venant zaidi kuliko ukweli huo. "Haya, kwa nini ulikimbia?"

Venant alifungua kinywa kujibu. Watu wakasogea karibu zaidi.

Teodora alipenya kwa viwiko. Sungusungu wa mtaa ule walikuwa na desturi yao: mtu aliyeshikwa hatetewi kwa mdomo. Anayesema ni wake anakaa naye chini, na litakalompata huyu litampata na yule. Teodora aliiweka fimbo, akakaa kwenye tope la Mirongo na kitenge chake kizuri, bega kwa bega na mgeni.

"Ni wangu," alisema, akihema.

"Kama ni wako, mbona alikimbia?" yule kijana alidakia.

Angeweza kusema mtu ni mgeni, hajui mila za watu. Wengi wangelikubali hilo, na heshima yake ingebaki nzima. Lakini Venant alikuwa akimtazama, bado hajui kosa lake ni lipi, na Teodora aliona hawezi kumbebesha lawama.

"Nilimwambia mimi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilimwambia akisikia kelele akimbie arudi nyumbani. Alifanya nilivyomwagiza. Kama kuna wa kupigwa, ni mimi."

Kisha bibi mmoja aliyekuwa nyuma kabisa akauliza, kwa mshangao wa kweli: "We Teodora, ulizaliwa Ulaya?"

Mmoja alicheka, wa pili akafuata, na fimbo zikaanza kushuka. Wakati huo huo vijana walitokea mtaroni na redio ya Tereza, mama aliyepiga yowe. Mwizi alikuwa ameitupa akatokomea ng'ambo ya mto, na redio yenyewe ilikuwa bado inasoma taarifa ya habari bila wasiwasi. Tereza aliipokea akaipakata kifuani.

Kashindye alimwinua Venant kwa mikono yake miwili. Aliamuru raba itafutwe, ikapatikana. Yule kijana mwenye rungu ndiye aliyeileta, akachuchumaa kumvisha mgeni, akasema, "Samahani, baba. Hatukukujua." Teodora naye alipata haki yake. Kashindye alimwambia mbele ya watu wote kwamba adhabu yake ataisikia kesho mchana, na kwamba itahusu sufuria kubwa na walinzi wa zamu nzima.

Walirudi nyumbani wawili hao. Nyumba ilinuka shuka lililoungua, maana pasi haikuwa imekaa vizuri pale iliposukumwa. Teodora alifungua dirisha. Alikuwa ameshakubali moyoni kwamba mambo yamekwisha.

"Kesho asubuhi nitakupeleka mwenyewe mjini," alisema. "Nazijua gesti nzuri. Unisamehe, baba."

Venant hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akakunja mikono magotini.

"Safari moja tulikwenda mji mwingine, tukalala gesti nzuri sana," alisema. "Mji sikutajii. Taa kila mahali. Majambazi waliingia wakatufunga kamba. Tulipiga kelele, mama, wanaume wanane, mpaka sauti zikakauka. Halikufunguliwa hata dirisha moja. Asubuhi majirani wakatupa pole vizuri tu, wakatuuliza tumeamkaje."

Teodora alikaa naye kwenye ngazi.

"Leo nimeona mtaa mzima umetoka kwa sababu ya redio ya mama mmoja," Venant aliendelea. "Hakuna aliyeuliza redio ni ya nani."

"Lakini walitaka kukuua."

"Walitaka. Kwa sababu hawanijui. Basi kesho unipeleke wanijue, nyumba kwa nyumba, na kwa yule wa rungu pia. Na Alhamisi ya wiki ijayo uwapeleke wenzangu saba vivyo hivyo. Tafuta magodoro."

Teodora alilia. Kule mtoni hakutoa chozi, wala siku ile alipopewa barua ya kupunguzwa hakutoa, lakini pale kwenye ngazi alilia kwa furaha na kwa woga uliokuwa unamtoka, akijifuta kwa ncha ya kitenge chenye tope hadi uso wote ukachafuka. Venant alimwacha alie. Kisha akainuka, akajikung'uta, akaenda zake chumbani. Alipofika mlangoni akasimama.

"Mama."

"Abee."

"Hiyo fimbo yako, unayo nyingine?"

"Ya nini tena, baba?"

"Usiku bado mrefu," alisema Venant. "Yowe likipigwa tena, nitatokaje mikono mitupu?"

Teodora akachukua kandili, akazunguka uani kumtafutia.